Taya la Taban na Magoti ya Mfalme

Jino la kwanza la Taban lilitoka kwa sababu ya mfalme wa Kijerumani aliyekufa zaidi ya miaka mia nane iliyopita, mtu ambaye hakuwahi kufika Jinja, hakuwahi kula muhogo wa kukaanga pale stendi, na ambaye angefika huenda angeomba msamaha, au angalau angeuliza lile jino ni la nani. Liliruka kutoka mdomoni, likagonga skrini kwenye paji la uso la askofu fulani, likaangukia kwenye waya za jenereta. Filamu iliendelea. Filamu haina adabu.

Lakini tusilikimbilie jino, maana lilikuwa mwanzo tu wa uharibifu.

Taban alikuwa Mnubi, mwana wa laini. Alizaliwa katika hizo laini, nyumba za mabati za kambi ya jeshi Jinja, baba yake akiwa mwisho mwisho wa udereva wake wa malori, kazi aliyoianza miaka ile ambayo wanajeshi walitawala na raia wakajifunza kulala chini ya kitanda. Serikali ilipobadilika, baba naye akabadilika, akawa fundi baiskeli. Kiswahili tu ndicho kilichobaki nyumbani kama bunduki iliyosahaulika kurudishwa. Kwa watu wengi wa Jinja, Kiswahili ni lugha ya kuamrishwa. Ukimsemesha mama wa sokoni kwa Kiswahili, kwanza anaficha kuku, ndipo anaitikia salamu. Kwa Taban kilikuwa maziwa ya mama.

Na kilimlisha. Taban alikuwa vijei, yaani yule mtu anayekaa na maikrofoni kando ya skrini katika kibanda cha video, filamu ya watu inapita, naye anaeleza kinachosemwa kwa lugha ya waliolipa kiingilio. Si lazima vijei aijue lugha ya filamu. Kuijua ni hasara, kwa sababu unaanza kuheshimu walichosema. Taban alikuwa ametafsiri Kikorea, Kirusi, Kichina na Kihindi, na katika zote hizo asingeweza kuomba hata maji ya kunywa. Alichojua ni sura. Mtu akikunja uso, ameibiwa mke. Akitabasamu, ndiye aliyeiba.

Vijei wengine wa mji walitafsiri kwa Kiganda. Taban peke yake alishikilia Kiswahili, maana kibanda chake kilikuwa kati ya kambi, gereza na maghala ya mahindi, na wateja wake walikuwa wanajeshi wa likizo, askari jela kutoka kaskazini, na wapakiaji mizigo Waislamu wa hapa hapa, watu wasio na lugha nyingine ya kutukanana wakaelewana. Siri ya ufundi wake ilikuwa kumpa kila mtu wa kwenye filamu sauti ya mtu wa mtaani. Muuaji wa Kirusi aliongea kama muuza chapati wa kona. Malkia wa Uchina alilalamika kama mke wa sheikh. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mdomo ule ndio uliomnunulia godoro, na ndio uliompatia Nulu, binti wa Nakaloke, kwani sura ya Taban peke yake isingemfikisha hata Iganga, nusu ya njia.

Sasa, waheshimiwa wawili.

Wa kwanza ni Sajini Otim, askari jela wa kabila la Walango wa Lira, mwenye viganja kama vifuniko vya sufuria ya harusi. Wafungwa mia nne walichuchumaa akikohoa tu. Wa pili ni Mubaraka, Msoga wa Buwenge, mwenye malori, mwenye maghala, na mwenye kibanda cha video chenyewe. Otim ndiye aliyemkuza Mubaraka. Alimsemea kwa wakubwa mpaka unga wote wa posho ya gereza ukawa unatoka ghalani kwake. Alimbeba kama mtu anayembeba mwenzake mgongoni wavuke mto, akasahau kwamba aliye mgongoni ndiye aliyeshika shingo.

Wiki mbili kabla ya jino, Taban alikwenda Buwenge, ghalani kwa Mubaraka, kuchukua petroli ya jenereta. Alikuwa nyuma ya magunia akinywa chai ya wapakiaji, Otim akaingia bila kofia. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi ile Jinja, alikokuja kutibiwa, na maiti ilitakiwa kufika kwao Lira kabla joto halijaifikia.

"Mubaraka," Otim akasema, "patia mimi gari moja. Moja tu."

"Magari yote yanakwenda Mbale, afande. Kesho ni soko. Pole sana kwa msiba."

Basi yule mtu akashuka. Goti la kulia, halafu la kushoto, kwenye vumbi la pumba. Wanawake wa Busoga hupiga magoti kila asubuhi wakisalimia na hakuna anayegeuza shingo. Sajini wa gereza kumpigia magoti mfanyabiashara ni jambo lingine. Hata mpakiaji mwenye gunia mgongoni alisimama nalo.

"Ndugu yangu. Mama asioze kama samaki."

Mubaraka akatazama simu yake. "Simama, Otim. Unachafua suruali ya serikali."

Mama alifika Lira siku ya tatu, ndani ya lori la kuku, na waliomzika walimzika wamefunga vitambaa puani.

Ile filamu Taban aliinunua Mbale, kwa mchuuzi wa diski anayepanga bidhaa zake juu ya turubai karibu na stendi ya teksi. Ilikuwa ya Kijerumani mwanzo mwisho, haina hata mstari wa maandishi chini. Nyuma ya ganda la diski tu kulikuwa na sentensi tatu za Kiingereza: kwamba kulikuwa na mfalme Federiki, aliyeitwa Ndevu Nyekundu, kwamba binamu yake Henriki, mtawala wa Saksonia na Bavaria, aliitwa Simba, kwamba mfalme alimkuza Simba, kisha akaenda kupigana na miji ya Italia, akaishiwa watu, akamwomba Simba jeshi, na Simba akakataa. Sentensi tatu! Taban alikuwa amewahi kutafsiri saa mbili na nusu kwa kutegemea picha ya ganda tu.

Alhamisi saa nane mchana kibanda kilijaa. Nusu ya kwanza ilikuwa sherehe. Ndevu Nyekundu alichoma mji, akachoma mji mwingine, akatundika watu ukutani kama nguo za kufuliwa. Vichwa viliviringika kama mafenesi. "Huyu mfalme," Taban akanguruma kwenye maikrofoni, "hana mahakama, ana shoka!" Askari jela upande wa kushoto wakapiga miguu chini kwa furaha. Otim alikuwa mstari wa mbele, kavaa shati la kiraia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonekana akicheka tangu msiba.

Kisha ikaja ile sehemu. Chumba cha mawe, baridi, mfalme kachoka. Simba kasimama, mikono kifuani. Na mfalme wa Wajerumani wote akashuka mbele ya binamu yake, goti moja, halafu la pili.

Mdomo wa Taban ukatangulia akili yake, kama kawaida.

"Ndugu yangu," mfalme akasema kwa sauti nzito ya Kilango, "patia mimi jeshi moja. Moja tu. Watu wangu wasioze kama samaki."

Taban alijua amekosea kabla sentensi haijaisha. Lakini vijei hasimami katikati ya sentensi, kama mtu asivyosimama katikati ya chafya. Simba naye akafungua kinywa, akahitaji maneno, na maneno yaliyokuwapo yalikuwa yale yale.

"Simama. Unachafua suruali ya serikali."

Upande wa kulia, wapakiaji waliyatambua maneno ya ghalani. Halafu wakapasuka. Waligongana vichwa kwa kicheko; mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, akaendelea kucheka akiwa chini. Askari jela hawakuelewa, wakawa wanauliza, na wapakiaji wakawaeleza kwa furaha kubwa, wakionyesha kwa magoti yao wenyewe.

Otim akainuka. Alitembea polepole hadi kwenye meza ya vijei, akamtoa Taban maikrofoni mkononi kwa upole, akaiweka mezani, kisha akampiga kofi moja. Hapo ndipo askofu alipogongwa na jino.

"Jumamosi," Otim akasema, "utaweka hii sinema tena. Watu hawa hawa watakuja, mimi nitawaleta. Na huyu mfalme hapana kuomba mtu. Ukimfanya aombe, mimi navunja taya yako, na wewe utaibeba nyumbani ndani ya kavera ya plastiki."

Taban alimeza damu. "Afande, lakini picha inaonyesha kabisa anapiga..."

"Picha ni ya Wajerumani. Mdomo ni wako."

Jioni simu ikalia. Ilikuwa Mubaraka, na alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mjukuu. "Taban, mwanangu! Wewe ni fundi kwerikweri! Nimesimuliwa, nimecheka mpaka nimelala chini. Jumamosi nakuja mwenyewe. Nataka huyo mufalme apige magoti, na akae hapo hapo chini. Asiinuke upesi."

"Mzee, Otim amesema..."

"Kibanda ni cha nani?"

"Chako, mzee."

"Maikrofoni?"

"Yako, mzee."

"Basi mufalme ni wangu. Ukimsimamisha, Shafik atakuja kuzungumza na wewe." Shafik alikuwa kiongozi wa wapakiaji. Hakuwa mtu wa kuzungumza.

Taban akampa Nulu habari zote, akisema kwa upande mmoja wa mdomo. Nulu alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho.

"Kwa hiyo mmoja atakuvunja mfalme akiomba, na mwingine atakuvunja asipopiga magoti."

"Ndiyo."

"Twende Nakaloke kwa kaka. Leo."

"Vijei hakimbii filamu, Nulu."

"Vijei asiye na mdomo ni nani? Ni mtu tu amekaa karibu na skrini." Akatupa harage bovu. "Mimi sikuolewa na pua yako, Taban. Linda hicho kitu."

Na Taban alijua ni kweli. Miguu ikivunjika, atakaa. Kazi yake ni ya kukaa. Macho yakiharibika, bado atabuni. Lakini taya! Alifikiria kuzima jenereta wakati wa sehemu ile; Shafik akatuma vijana wawili walale kando ya jenereta. Alifikiria kuikwaruza diski kwa msumari. Otim akaja kuichukua diski aitunze mwenyewe hadi siku ya siku.

Wokovu ulikuja Ijumaa saa kumi, mbele ya lango la gereza. Taban alikuwa akipita na baiskeli. Wafungwa walikuwa wanarudi kutoka shambani wakiwa na majembe, na langoni askari jela mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya mfungwa. Magoti yote mawili, mavumbini, uso mbele ya paja la mtu! Na hakuna aliyecheka. Alikuwa anampekua, au kama wenyewe wasemavyo, anamsachi: mikono kwenye pindo la suruali, vidole ndani ya soksi, dole gumba chini ya soli, anatafuta wembe na bangi. Mfungwa ndiye aliyesimama wima, na mfungwa ndiye aliyekuwa anatetemeka.

Taban alianguka na baiskeli. Alirudi nyumbani akiwa amechubuka kiwiko na anaimba.

"Kila mtu atapata chake," akamwambia Nulu. "Mubaraka anataka magoti, atayapata, tena marefu. Otim hataki mfalme aombe, haombi. Anasachi!"

Nulu akamfuta kiwiko. "Na huyo Simba? Anayesachiwa? Yeye ni nani hapo?"

"Simba ni Mjerumani, mama. Atalalamika wapi?"

Jumamosi saa nane mchana, askari jela wote wasio na zamu walikaa kushoto. Wapakiaji walikaa kulia, kila mmoja na mpini wa jembe, eti wametoka kununua. Mubaraka alikaa kwenye kiti chake cha plastiki chenye mikono, karibu na mlango, kanzu nyeupe, kofia ya nakshi. Otim alikaa pale pale mbele. Waheshimiwa hawakusalimiana.

Miji ikachomwa. Hakuna aliyecheka. Vichwa vikaviringika, hakuna aliyepiga mguu. Kibanda kizima kilikuwa kinasubiri goti. Taban alikuwa na jasho hadi kwenye soksi.

Chumba cha mawe. Simba, mikono kifuani. Mfalme akashuka.

"Afande Ndevu Nyekundu," Taban akasema kwa sauti ya chini, "amesikia huyu Simba anaingiza vitu vya magendo ndani ya ufalme. Leo atamsachi mwenyewe. 'Simba! Simama wima! Panua miguu! Mikono nione!'"

Kwenye skrini mfalme alinyoosha mikono akashika vazi la Simba kwenye magoti. Mungu ampe pepo yule mwigizaji. Hata askari jela wa miaka ishirini asingeshika vile.

"'Hii soksi ina nini? Geuka! Kohoa!'"

Upande wa kushoto ukalipuka. "Msachi, afande! Msachi chini ya soli!" Askari jela walisimama juu ya mabenchi. Otim aligeuka nyuma kuwatazama watu wake, meno yote nje, machozi yanamtoka. Na upande wa kulia, maajabu, wapakiaji nao wakaanza. Kwanza Shafik, kwa pua, halafu wote. Mfalme alikuwa amepiga magoti, sivyo? Agizo limetimia. Malkia akatokea mlangoni, akamgusa mfalme bega amwinue.

"'Mume wangu, umepata nini kwa huyu mtu?' 'Mke wangu, nimepata wembe ndani ya kiatu!'"

Taban alikuwa ameshinda. Kwa muda wa sekunde kumi hivi alikuwa mtu mwenye akili kuliko wote mashariki ya mto Naili, na taya lake lilikuwa salama.

Kitu kimoja hakukijua. Miaka ishirini na miwili nyuma, kabla ya malori, Mubaraka alikuwa kijana wa Buwenge aliyefungwa miezi mitatu kwa kuiba tairi. Langoni alipekuliwa na askari mpya aitwaye Otim. Ndani ya kiatu akakutwa na wembe. Otim hakumripoti, aliuweka wembe mfukoni mwake, na urafiki wao ukaanzia hapo, kwenye ile soli. Wapakiaji hawakulijua jambo hili. Wake zake hawakulijua. Lilikuwa la watu wawili tu duniani, na sasa lilikuwa linatoka kwenye spika mbili za kibanda chake mwenyewe.

Mubaraka alisimama, na kiti cha plastiki kikasimama naye kwa kumng'ang'ania makalio. Akakivua, akatembea hadi mbele, akampiga nacho Otim kisogoni.

"Uliapa!" akapiga kelele. "Uliapa kwa mama yako!"

"Mama gani?" Otim akageuka, damu imeshafika kwenye kola. "Ile uliacha ioze?"

Basi tena. Benchi la kwanza liliruka kutoka kushoto, mpini wa kwanza ukashuka kutoka kulia. Mpakiaji mmoja alipigwa ngumi ya pua, pua ikalala shavuni. Askari jela mmoja alibanwa ukutani na wanaume watatu, wakampiga mipini ya mbavu kwa zamu, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja. Mabati ya ukuta yalipasuka, mtu akatoka nayo. Mtu aliuma sikio, akatema kipande, akakitafuta kwa majuto. Na nyuma yao kwenye skrini, mfalme akawa ameingia vitani bila Simba, na watu wa Italia wanawachinja Wajerumani wake, farasi wanakanyaga matumbo. Mwanga wa skrini ukiwapiga waliokuwa sakafuni, hujui nani Mjerumani nani Msoga.

Na Taban? Nulu angemwambia toka, pita dirishani. Hata mbuzi angepita dirishani. Lakini maikrofoni ilikuwa mkononi, filamu inakwenda, na mbele yake kulikuwa na mapambano bora kuliko yote aliyowahi kuyatafsiri. Mdomo ukatangulia.

"Ooo! Sajini anainua benchi! Benchi limempata mzee Mubaraka kwenye bega, kofia hiyooo inakwenda zake! Mzee hajakubali! Mzee ameng'ata mkono wa serikali! Shafik anakuja kwa nyuma na mpini, jamani, Shafik amekosa, amempiga ndugu yake mwenyewe! Hapa hakuna mfalme, hapa ni nyama tu!"

Spika zilikuwa nzuri. Waliokuwa wanapita barabarani walilipa kuingia.

Otim na Mubaraka walikuwa wameshikana koo chini ya skrini, wote wamelowa damu, hujui ya nani. Ile sauti ilikuwa inawaeleza kwao wenyewe, kila pigo mara mbili, mara moja mwilini na mara moja hewani. Mubaraka ndiye aliyegeuza kichwa kwanza. Halafu Otim. Vidole vikalegea kooni. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa Lira wakawa na wazo moja.

"Na sasa," Taban akasema, "wazee wamesimama. Wanakuja huku. Wanakuja... wazee, subirini kidogo..."

Mubaraka alimshika kichwa kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu anayeshika tikiti kabla ya kulipasua. Otim akavuta mkono nyuma. Mlio ulipita kwenye maikrofoni. Waliokuwa barabarani walidhani ni jenereta.

Nulu hakumpeleka hospitali ya Jinja. Alisema Jinja kila kitanda kina binamu wa askari jela. Alimfunga taya kwa kanga, akampakia kwenye teksi hadi Mbale, akalia njia nzima na kumtukana njia nzima. Huko katika hospitali moja, daktari aliyafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, kama mtu anayefunga lango la shamba.

"Wiki sita," daktari akasema. "Uji kwa mrija. Ukifungua huu mdomo kabla ya siku, mfupa utaungana vibaya, na hutasema tena neno likaeleweka. Unanisikia? Hata miayo usipige."

Taban alisikia. Kwa siku nne alikuwa mgonjwa bora wa wodi. Akitaka kupiga miayo, Nulu alimshika kidevu.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mjenzi mmoja, Mzee Ouma, aliyemwagikiwa chokaa, macho yote mawili yamefungwa bandeji. Alikuwa mtu wa kupenda habari. "Nani ameingia? Amevaa nini? Amebeba nini?" aliuliza mchana kutwa, na Nulu akamjibu kwa hisani.

Siku ya tano akaingia polisi mwanamke kijana, Konstebo Brendah, na fomu ya kuandika jinsi mgonjwa alivyoumia. Na nyuma yake, kama wachumba, wakaingia Otim na Mubaraka. Walikuja katika lori moja. Otim angepoteza magwanda yake kesi ikiandikwa. Mubaraka angepoteza gereza zima la kulisha. Otim alikuwa na bandeji kichwani, Mubaraka mkono kwenye kombeo. Walimletea mgonjwa miwa na mahindi ya kuchoma.

"Kijana wetu," Mubaraka akasema, akakaa kitandani. "Konstebo, sisi ni wazazi wake. Mwulize tu, atakueleza."

Brendah akafungua kalamu. "Bwana Taban, nani alikuvunja taya?"

Taban akaguna. Kwa kweli alikuwa anaomba chupa ya mkojo.

"Anasema ilikuwa jenereta," Mubaraka akaeleza.

Taban akaguna tena, kwa nguvu zaidi.

"Ile kamba ya kuvuta," Otim akaongeza. "Ilirudi. Anasema hapana laumu mtu."

Konstebo akaanza kuandika. Nulu akaweka bakuli la uji chini.

"Mwanangu, futa hiyo," akasema. "Mimi nimelala na huyu mtu miaka kumi na mmoja, naijua miguno yake yote. Amesema hivi: 'Huyu wa kanzu alinishika kichwa. Huyu wa viganja alinipiga. Walisaidiana kama watu wanaochinja ng'ombe. Na wote wawili ni waoga.' Andika na waoga."

Taban alimtazama mke wake. Hapakuwa na neno hata moja alilosema yeye. Ilikuwa tafsiri safi kabisa.

Brendah akafuta, akaandika upya. Akainua macho. "Kwa hiyo nani hasa alivunja?"

"Mimi nilishika tu," Mubaraka akasema upesi. "Kushika si kosa."

"Tu?" Otim akageuka. "Usingeshika, angekwepa! Mimi nilipiga hewa, wewe ndio uliweka kichwa hapo!"

"Wewe ndio una mikono ya jela!"

"Na wewe una miguu ya jela! Konstebo, mwambie avue viatu! Mwambie, tuone kama leo hana wembe!"

Mubaraka alimpiga kwa muwa. Muwa ulikatika shingoni. Otim alinyakua chuma cha kutundikia maji ya dripu, na chupa yake juu, akakizungusha. Chupa ikapasuka kwenye nguzo ya dirisha, vioo vikamwagika vitandani. Konstebo Brendah alipuliza filimbi, akasukumwa juu ya toroli ya dawa, akapita nayo hadi mwisho wa wodi. Mubaraka akamkaba Otim kwa ule mkono mzima, Otim akamgonga kichwa cha bandeji kwenye pua, mara moja, mara mbili, na ya tatu ikatoa mlio wa kibuyu kinachopasuka.

"Nini?" Mzee Ouma alikuwa ameketi, mikono imenyooshwa gizani mwake. "Nini hiyo? Nani anapigwa? Jamani, watu wazima, niambieni!"

Nulu alikuwa chini ya kitanda. Hakuna aliyemjibu.

"Nani yuko juu? Yule mwenye sauti nzito au yule mwenye r nyingi? Semeni!"

Taban alishika vyuma vya kitanda. Wiki sita. Mfupa utaungana vibaya. Alifumba macho asione, lakini masikio hayana kope. Kitanda kilipinduka, mtu akapiga yowe, Mzee Ouma akalia kama mtoto aliyenyimwa, "Mniambie tu!" Taban akavuta pumzi kwa pua hadi kifua kikajaa.

Waya wa kwanza ulikatika upande wa kushoto.